Mkono Niliojaza Sufi

Kosa langu lina jina, na nitalitaja mwanzo ili ninyi vijana msidhani nimeketi kujisifu: nilikuwa mfichaji. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilishona nguo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifundisha ushonaji katika chuo cha ufundi hapa Kibaha. Muda wote huo niliamini kwamba kazi ya nguo ni kuuficha mwili wa mtu kila unapotofautiana na miili mingine. Niliamini kwa dhati, nikafundisha kwa dhati, na wale niliowafundisha sasa wanafundisha wengine. Kosa la fundi huisha nguo ikichakaa. Kosa la mwalimu huzaa wajukuu.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kushika mkasi, mnaonisalimia njiani hapa Mbwawa, "Shikamoo Mwalimu," kisha mnaniuliza mbona nimestaafu kabla ya umri wa lazima ilhali macho yangu bado yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Jibu ni refu. Nivumilieni.

Aliyenifunza kazi alikuwa mama mmoja wa Kipare, jirani yetu tangu wazazi wangu walipohamia Pwani kutoka Same. Alikuwa mkali, na mate ya kulainishia uzi hayakumwisha kinywani. Alikuwa akisema, "Mteja akitoka kwako na nundu yake bado inaonekana, hukumshonea, umemfunika tu." Kwa hiyo nilijifunza kuweka pedi kwenye bega lililoshuka, kukunja marinda juu ya tumbo, kushusha pindo upande wa mguu mfupi. Sikatai, ujuzi huo una mahali pake. Mteja akiuomba, mpe. Lakini mimi sikusubiri kuombwa. Nilimtazama mtu mlangoni nikaanza kumsahihisha kabla hajaketi.

Nilimsahihisha bwana harusi mmoja wa Kongowe ambaye bega lake la kushoto lilikuwa chini ya la kulia tangu utotoni. Nilimtia pedi nene bila kumwambia. Ukumbini, alipoitwa kucheza na bibi harusi, pedi ikakatika uzi ikashuka taratibu ndani ya koti, na ilipofika kifuani ikatulia hapo. Mkewe akamshika kifua akidhani amepata maradhi. Siku ya pili aliniletea ile pedi mkononi. "Mwalimu," alisema, "mke wangu alinipenda na bega langu. Hili jingine halimjui." Nilicheka, nikamwomba radhi kwa uzi uliokatika. Sikumwomba radhi kwa pedi. Ningekuwa mtu wa kuelewa, hadithi hii ingeishia pale.

Sasa nieleze jambo moja la kazi, maana kosa lenyewe limejificha ndani yake. Mnapokata blauzi, mnakunja kitambaa mara mbili, mnaweka patani, karatasi ya umbo la mkono, juu yake, mnakata mara moja mnapata mikono miwili. Na kwa kuwa mnakata miwili kwa pamoja, mnapima mmoja. Futikamba huanzia begani, hupita kiwiko, huishia kwenye kifundo cha mkono, upande wa kulia tu, basi. Hakuna fundi anayepoteza muda kupima mkono wa pili. Nilifundisha hivyo mwaka hadi mwaka. Waliokwenda kwenye viwanda vya nguo vya Zegereni wananiambia kwamba kule hupangwa tabaka juu ya tabaka na mashine hukata zote pamoja, na hakuna hata mtu wa kupimwa. Nilipima mkono mmoja nikakata miwili. Yakumbukeni maneno hayo, kwa sababu ndiyo hukumu yangu.

Ilikuwa miaka michache tu iliyopita. Alikuja karakanani kwangu Mzee Kondo, kiongozi wa kikundi cha ngoma kutoka Kisarawe, mtu mrefu mwenye kofia ya kiua na sauti ya kuitisha mkutano. Kikundi chake kilikuwa kimechaguliwa kucheza kwenye tamasha la sanaa la mkoa, hapa Kibaha, mbele ya mgeni rasmi na waamuzi. Nyuma yake alisimama msichana wa miaka ishirini hivi.

"Huyu ni Tatu," alisema. "Ndiye anayeongoza safu yangu. Hakuna anayemfikia kwa kucheza, Mwalimu, namwambia mbele yake ingawa atavimba kichwa. Ila una macho, unajionea."

Niliona. Mkono wa kushoto wa Tatu ulikomea chini kidogo ya kiwiko. Alizaliwa hivyo.

"Kijijini wamemzoea," aliendelea Mzee Kondo. "Lakini kule kuna wakubwa, kuna kamera. Wenzangu wanasema nimweke nyuma, mbele aongoze mwingine. Nimewaambia nitatafuta fundi. Ukiweza kufanya mkono usionekane, anaongoza. Usipoweza, nampa nafasi binamu yake."

"Na fundi wenu wa siku zote?"

"Tunaye, Shomari, ana kibanda chake sokoni Kongowe. Ni mzaliwa wa kwetu. Nimemweleza, akakataa. Ati hawezi kushona uongo." Alicheka. "Fundi anakataa uongo! Fundi huyohuyo anayesema njoo kesho!"

Nilicheka pia, lakini jina la Shomari lilinichoma mahali ambapo sikutaka kupatazama. Nikachukua futikamba.

Tatu alinyoosha mkono wa kulia, nikapima. Kisha akanyoosha wa kushoto. Mimi nilikuwa tayari ninaandika vipimo.

"Mwalimu, na huu," alisema.

"Huo utafanana na mwenzake, mwanangu. Tulia."

"Si kwamba nasumbua, Mwalimu. Huu nina kazi nao. Kwenye ngoma huwa navaa…"

"Niachie mimi," nilimkatiza. "Wewe kazi yako kucheza."

Alimtazama Mzee Kondo. Mzee Kondo akatazama dari. Tatu akashusha mkono wake mfupi pole pole, kama mwanafunzi aliyenyanyua mkono darasani akapitwa. Mimi, mwalimu wa miaka yote hiyo, nilimwona akiushusha, na nikaendelea kuandika.

Nilishona blauzi ya kitenge chekundu yenye mikono mirefu. Ndani ya mkono wa kushoto nilitia sufi, ileile ya mito, nikaishindilia mpaka ikapata umbo, na mwishoni nikashona glavu nyeupe iliyojazwa vilevile, vidole vitano. Ili asionekane wa ajabu, nikamtengenezea glavu na mkono wa kulia. Nilikesha na fahari yangu. Ninyi mnajua desturi yetu mbaya: nguo humalizika asubuhi ya shughuli. Hakufanya mazoezi nayo hata mara moja. Nilimvalisha mwenyewe nyuma ya turubai, nikarudi hatua tatu kutazama, na naungama kwenu kwamba nilitokwa na machozi ya furaha. Mikono miwili! Nilimwambia, "Sasa umekamilika."

Tatu alikuwa ameshika njuga zake, zile kengele ndogo ambazo wachezaji wengine hufunga miguuni. Alikuwa akijaribu kuzifunga kwenye mkono wa kushoto juu ya sufi, hazikutosha. Akavua blauzi nusu, akazifunga chini yake, kwenye mkono wake mwenyewe, akavaa tena. Nilidhani ni pambo tu, nikamwacha.

Sikujua, kwa sababu sikuuliza. Katika mchezo ule ngoma kubwa hupigwa bila kubadilika, na anayebadilisha hatua ni kiongozi wa safu. Wengine hubadilisha kwa filimbi. Tatu alibadilisha kwa njuga za mkono wake mfupi. Mkono ule ulikuwa mwepesi kuliko mkono wowote mrefu. Aliutikisa upande wa sikio lake na safu yote ikasikia, ikageuka kama mtu mmoja. Kazi aliyotaka kuniambia anayo ilikuwa hiyo.

Ngoma ilianza vizuri. Wanawake kumi na wawili waliingia uwanjani, Tatu mbele, mgeni rasmi akasogeza kiti. Wakati wa kugeuka ulipofika, nilimwona Tatu akitikisa bega. Sufi ikameza sauti. Watatu wa karibu waligeuka kwa kukisia, waliobaki wakaendelea mbele. Safu ikapasuka. Tatu akatikisa tena kwa nguvu zaidi, mkono nilioushindilia ukapaa juu kama wa mwanasesere, binamu yake akamgonga ubavuni, na mshono wa glavu ukaachia. Sufi ikatoka. Kulikuwa na upepo. Ikapeperuka nyeupe nyeupe mpaka meza kuu, ikatua kwenye suti ya mgeni rasmi na kwenye glasi yake ya maji.

"Jamani, godoro limechanika!" alipaza sauti kijana mmoja.

"Mpeni shuka basi!"

"Mkono umekimbia, oya, ushikeni!"

Uwanja mzima ulicheka. Mpigaji ngoma kubwa, kwa huruma au kwa kuchanganyikiwa, akashusha mapigo yakawa ya taratibu, lakini hakuacha. Tatu hakukimbia wala hakulia. Alitembea hadi ukingoni, ambako fundi wao Shomari alikuwa ameketi kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale.

"Kaka Shomari," alisema Tatu. "Kata."

Shomari alitoa mkasi mfukoni, kisha akanigeukia. Katika kazi yetu fundi hatii mkasi kwenye nguo ya fundi mwingine kabla hajamwomba ruhusa. Mabingwa wengi wa siku hizi wameisahau desturi hiyo. Yeye hakuisahau, hata mbele ya uwanja uliokuwa ukicheka.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba ruhusa yako niikate."

Nanyi mnajua nilisema nini? Nilisema, "Mtaiharibu nguo."

Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Msichana wa watu amesimama mbele yangu na sufi ya mto inamtoka mkononi, nami nilihofia blauzi. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, nimenukuu vingi mbele ya wanafunzi, na siku ile vyote havikunipa neno jingine.

"Mwalimu," alisema Tatu, bila kupandisha sauti, "nguo ni yako. Mkono ni wangu."

"Naomba ruhusa, Mwalimu," alirudia Shomari.

Niliinamisha kichwa. Akaichukulia kuwa ndiyo. Alikata juu kidogo ya kiwiko, akatoa sufi yote kwa mkupuo mmoja, akakunja pindo kwa kidole gumba, na akalishona kwa mkono huku Tatu amesimama, mishono mirefu ya haraka, hakumchoma hata mara moja. Kisha akakung'uta njuga zikalia. "Haya dada," alisema, "kawaite wenzio."

Akarudi katikati, mkono mfupi wazi mbele ya kamera na wakubwa, akautikisa. Safu ikageuka kama mtu mmoja. Sitawasimulia vicheko vilinyamaza vipi. Niseme tu kwamba yule aliyepaza sauti ya godoro alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na kwa mwanamume wa Kibaha si jambo dogo.

Ushindi hawakupata. Muda wao ulikuwa umeliwa na mkono wangu.

Mngedhani aibu yangu inaishia hapo. Nyuma ya turubai Mzee Kondo alikuwa amevua kofia, anafuta jasho. "Wenzangu walisema! Niliambiwa nimweke nyuma nikakataa. Kuanzia leo safu anaongoza binamu yake. Kigutu hakiwezi kubeba kikundi kizima."

Neno hilo, kigutu, alilitamka mbele ya Tatu, na Tatu akanitazama mimi. Alikuwa ananisubiri niseme jambo moja: kwamba aliyezima njuga ni mimi, kwamba alitaka kunieleza nikamkatiza. Sentensi mbili. Nilikuwa nimeshika futikamba. Nikaanza kuikunja.

"Mzee, si yeye," alisema Shomari. "Njuga nilizifunga mimi, nilizifunga vibaya. Kosa ni langu."

"Wewe? Nguo si ya Mwalimu?"

"Nguo haina neno. Njuga ni kazi yangu."

Ulikuwa uongo. Yeye aliyekataa kushona uongo aliusema uongo huo kwa mdomo wake, mtulivu kabisa, ili Tatu asipoteze nafasi yake. Mzee Kondo akamwambia asishone tena nguo za kikundi. Shomari akasema, "Sawa, Mzee." Kisha akageuza baiskeli yake, na aliponipita akaniokotea mkasi wangu, ulioanguka kutoka mfukoni nilipotoa futikamba. Nami niliupokea. Nilisema ahsante kwa mkasi.

Sasa niwaambie kwa nini jina lake lilinichoma tangu mwanzo. Miaka mingi kabla ya hapo kijana mmoja alikuja kuomba kujiunga na darasa langu. Karakana ilikuwa na ngazi tatu. Alizipanda kwa viganja, akafika mlangoni na vumbi magotini. Nilimtazama kutoka mezani kwangu, na kama kawaida nikamhukumu kabla hajaketi. "Kijana, cherehani ni miguu," nilimwambia. "Kanyagio halisukumwi kwa nia njema. Katafute kitu cha mikono."

"Mwalimu," alijibu, "kushona si kitu cha mikono?"

Darasa likacheka, mimi nikaona amenivunjia adabu. Alishuka ngazi tatu kwa viganja vilevile. Alijifunza mwenyewe, kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, sokoni Kongowe. Shomari yule ndiye huyu.

Siku kumi na moja nilikaa na ukimya wangu. Nilikuwa nikiwafundisha watu kukata mikono miwili kwa kipimo kimoja na kila mara nilipokunja kitambaa vidole vilikuwa vizito. Siku ya kumi na mbili nilipanda Kisarawe, nikawakuta kwenye mazoezi, Tatu akiongoza. Sikuomba kiti. Nikasema mbele ya wote kumi na wawili, mbele ya mpigaji ngoma na watoto waliokuja kutazama, kwamba nilimpima Tatu mkono mmoja, kwamba alitaka kusema nikamfunga mdomo, kwamba sufi ilikuwa yangu, na kwamba Shomari alijitwika kosa ambalo nilimwachia alibebe.

Mzee Kondo alivua kofia. Aliyejibu alikuwa Tatu.

"Tulijua, Mwalimu. Njuga zililia vizuri mara sufi ilipotoka, tungekosaje kujua? Tulikuwa tunakusubiri tu."

Binamu yake akaongeza, "Na tulishawekeana zamu ya kukuchukia. Leo ilikuwa zamu yangu, umenikatisha." Wakacheka wote. Mimi sikuweza. Mzee Kondo akavaa kofia yake, akamwomba Tatu radhi kwa lile neno, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, na jioni ileile akatuma ujumbe Kongowe kwamba fundi wa kikundi arudi kazini.

Kutoka Kisarawe nilikwenda moja kwa moja hadi kibandani kwa Shomari. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, yenye vifungu. Alinisikiliza hadi mwisho huku anazungusha cherehani, kisha akasema, "Mwalimu, kaa. Nikuoneshe ninavyopima." Akanipimia mikono yangu mwenyewe, mmoja mmoja. Wa kushoto ulizidi wa kulia kwa nusu inchi. Umri wote huo sikujua. "Kila mtu yuko hivyo," alisema. "Halafu kabla sijaandika namuuliza: mkono huu unafanya kazi gani, na huu je? Wa kubeba mtoto naulegeza kwapani. Wa kuandika ubaoni naurefusha nyuma. Wa Tatu naukata juu ya njuga. Ni hivyo tu."

Nilijaribu kumwombea nafasi ya kufundisha chuoni. Nikaambiwa hana cheti. Cheti hakukipata kwa sababu ya nani, msiniulize. Nilichoweza ni kuwapeleka wanafunzi wangu wa mwisho sokoni kwake, kundi baada ya kundi, na mimi nikakaa nao kwenye benchi kama mwanafunzi. Zile ngazi tatu zilivunjwa likawekwa teremko la saruji, nalo nililisimamia mwenyewe. Kisha nikaona siwezi tena kusimama mbele ya ubao uliokuwa na mchoro wangu wa kitambaa kilichokunjwa, nikaandika barua ya kustaafu.

Basi, vijana, mkishika futikamba, pimeni mikono yote miwili. Akikosa mmoja, pimeni alionao na muulizeni unafanya kazi gani. Mtu akinyanyua mkono kusema jambo, wekeni kalamu chini. Na mkiulizwa mmejifunza wapi kupima hivyo, msitaje jina langu, maana mimi niliwafundisha watu kinyume chake miaka yote niliyosimama ubaoni. Mtajeni yule niliyemrudisha kutoka mlangoni, fundi Shomari Mwinshehe.